Mpira wa Kinga Huchaguliwa na Aliyekaa Nyuma

Mwaka 1960 nilikuwa na miaka kumi na tano, na shida ilinianza mwezi uleule watu walipokuwa wanacheza ngoma ya uhuru. Baba yangu, mtu wa Isangi, mpakiaji wa bandarini hapa Kisangani, aliugua tumbo siku chache tu akafa. Kwenye barabara kubwa watu walikuwa wanapiga kelele, "Indépendance!", na sisi nyuma ya nyumba tulikuwa tunatafuta mbao za sanduku. Shule niliiacha palepale, darasa la pili la primaire, maana nilianza nimechelewa, na sikurudi. Donc, mkiona maandishi haya yanapinda, mjue mkono huu ulizoea spana kuliko kalamu. Lakini ninayoyasema ndani yake yamenyooka. Haya nayajua.

Ninawaandikia ninyi vijana wa Kabondo mnaobeba watu kwa kinga, baiskeli ile tunayoiita toleka. Na ninyi wengine mnaokuja kwangu siku hizi na kinga za mbio za zamani mlizorithi kwa babu zenu, mnaniita mjomba kwa Kifaransa, "Tonton, niwekee mpira mwembamba, ule wa televizioni." Juzi alikuja mmoja wenu. Kinga nzuri, chuma chepesi cha zamani, usukani umejikunja kama pembe za kondoo. Nikamuuliza:

"Unaendesha wapi?"

"Mpaka Simisimi, tonton."

"Na barabara ya Simisimi iko kwenye televizioni?"

Alicheka. Mimi sikucheka. Nilimtolea kigoda, nikamwambia haya ninayowaambia.

Kinga yangu ya kwanza niliipata kwa Mzungu. Nilikuwa nafagia duka alimofanya kazi ya hesabu. Mtu mrefu, kila Jumapili anavaa kaptula ya kubana, anainama juu ya kinga yake ya mbio mpaka tunamwonea huruma. Mwaka ule Wazungu wengi waliondoka. Siku ya safari yake waliikataa kinga kwenye ndege. Akarudi nayo dukani, akatazama huku na huku, akaniona nimeshika ufagio, akanisukumia. Na mimi sikusema asante, maana nilikuwa nimeshaanza kukimbia nayo kabla mawazo yake hayajageuka.

Ilikuwa nyepesi, unaibeba kwa vidole viwili. Shida ilikuwa mipira. Myembamba kama utumbo wa kuku! Ile ya mbio kabisa: mpira wa ndani umeshonewa ndani ya ule wa nje, kisha wote umebandikwa kwa gundi juu ya janti, lile duara la chuma la gurudumu. Ukipasuka, unafumua mshono kama wa suruali, unaziba, unashona tena, unabandika tena. Nilifika Kabondo mipira yote miwili imepasuka, kinga iko begani. Watoto wakanifuata, "Pembe! Pembe!" kwa sababu ya ule usukani. Jina likanibaki. Mpaka leo hakuna anayeniita vingine, hata mke wangu.

Nikaenda kwa Papa Sefu. Papa Sefu alikuwa Mungwana, mjukuu wa wale watu wa zamani waliokuja huku na biashara. Kofia nyeupe, kanzu ameikunja na kuifunga kiunoni ili isiguse mafuta. Karakana yake ilikuwa baraza ya mabati, na hapo hakuna aliyeinua nyundo bila ruhusa. Aliitazama kinga yangu. Akagusa mpira kwa kidole kidogo.

"Hii unasema ni kinga?"

"Ndiyo, papa."

"Mimi naona sindano. Unataka kushona barabara?"

Karakana nzima ilicheka. Mimi nilitaka kulia, lakini nilikuwa na njaa, na mwenye njaa hawezi kununa akaondoka. Papa Sefu akazungusha kanyagio, akasikiliza mnyororo, akabadilika uso. "Chuma ni kizuri," akasema. "Kinga haina kosa. Ila umeivalisha viatu vya arusi, halafu unataka kulima nayo. Kaa hapa. Utakula hapa. Siku utakayoivalisha viatu vyake, utakuwa fundi."

Nikakaa.

Kwa Papa Sefu kulikuwa na sheria moja ambayo sijaiona kwa fundi mwingine yeyote, na mimi nimewaona wengi. Ukimaliza kufunga mpira, huendeshi wewe. Unakaa nyuma, kwenye porbagaji, pale anapokaa abiria, na Papa mwenyewe ndiye anaendesha. Na hachagui njia nzuri. Anatafuta mizizi, anatafuta mifereji, anatafuta yale mawimbi ya udongo mwekundu ambayo malori yanayaacha barabarani.

"Anayeendesha ana miguu," alisema. "Shimo likija, anajiinua. Aliyekaa nyuma hana la kufanya, matako yake yanapokea yote. Fundi akae nyuma kwanza. Matako hayadanganyi."

Mfikirie mzee yule, ndevu nyeupe, kanzu inapepea, anakanyaga kinga katikati ya Kabondo, na nyuma yake kijana mzima ameshika porbagaji kwa mikono miwili. Wamama wa sokoni walikuwa wanaacha kupima mchele. "Papa Sefu! Umepata bibi mupya?" Naye bila kupunguza mwendo: "Huyu ni muzigo! Bibi hawezi kuwa mubaya hivi!"

Sasa niwaambie nilichokuwa nakitafuta. Alikuwepo Mama Zaina, mkunga. Nusu ya Kabondo ilipita mikononi mwake. Mwanamke mnene, mwenye sauti, na mgongo mbovu tangu alipoanguka bandarini kwenye ubao wa kupandia mtumbwi. Mbali hakuweza kutembea. Aliyembeba Mama Zaina alikuwa amepata kazi isiyokwisha, maana watu hawaachi kuzaa, si kwa uhuru, si kwa vita. Na nyumba aliyozalisha ilimpikia yeye na dereva wake. Kuku, sombe, ndizi. Mama yangu na wadogo zangu walikuwa wanalala na chai tupu. Nilitaka kazi ile.

Nilimbeba mara moja tu na mipira ya Mzungu, nimeishona mwenyewe na kuipompa mpaka imekuwa fimbo. Hatukufika hata msikitini.

"Weye Pembe! Unanibeba ao unanipiga?"

"Nakubeba, mama."

"Basi acha kunibeba!"

Akashuka katikati ya barabara, mkono kiunoni, akamwita Botende. Botende alikuwa na kinga nyeusi ya Kibelgiji, nzito kama mlango wa kanisa, mipira yake minene kama mkono wa mpiga makasia. Akampandisha mama taratibu, kama mtu anayepakia mayai, akaondoka. Tangu siku hiyo kila akinipita anapiga kengele: "Pembe, nisalimie mbuzi wenzako!"

Bon. Nilipata hasira, na hasira ikinipata mimi huwa nafanya kazi. Nikatafuta mpira mnene kuliko wa Botende, nikaubeba kwa Papa Sefu kama mtu aliyeua tembo. Haukuingia. Haukukubali janti, na hata ungekubali, usingepita kwenye uma, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Papa Sefu hakunigombeza. Alinyoosha kidole kwenye ubavu wa mpira.

"Soma hapa."

"Papa, mimi sijui kusoma."

"Namba si kusoma. Namba ni kuangalia. Hapa wameandika ngapi, na kwenye janti ngapi?"

Ndivyo nilivyojifunza namba zangu, ubavuni mwa mpira; herufi zilikuja baadaye sana. Kinga za mbio za zamani huvaa gurudumu la 700. Kuna gurudumu jingine, la 650, dogo kidogo, la kinga za wanawake na za mapadri. Na hapo Papa Sefu alinipa siri ambayo imenilisha mpaka leo, nami nawapa bure: toa gurudumu kubwa lenye mpira mwembamba, weka gurudumu dogo lenye mpira mnene. Duara likipungua na mpira ukinenepa, kimo kinabaki kilekile. Kinga haijui kama umeibadilisha. Kanyagio halisugui chini, uma hausongwi, na kati ya mpira na chuma kunabaki nafasi.

Nafasi hiyo pimeni kwa kidole kidogo. Kikipita juu ya mpira na kupita pembeni, vizuri. Kisipopita, mvua ya kwanza tope jekundu litaingia pale na gurudumu litakataa kuzunguka. Nimewaona watu wamebeba kinga vichwani kwa sababu ya kidole kidogo.

Mreno mmoja wa sokoni alikuwa na kinga ya kike iliyogongwa na lori, fremu imekunjwa, magurudumu mazima, namba 650. Alipoona yangu ya mbio, yanang'aa, macho yakamtoka. Tukabadilishana palepale, gurudumu kwa gurudumu. Kabondo nzima ikasema nimelogwa. "Ametoa ya mbio, amechukua ya masista!" Waacheni waseme. Breki tu ndiyo ilinitesa, maana janti mpya ilikuwa chini zaidi na mikono ya breki haikuifikia. Nikakata kipande cha chuma cha chemchemi ya lori, nikatoboa tundu mbili, breki ikashuka mahali pake. Kipande hicho bado kiko.

Lakini namba si mwisho wa mambo. Papa Sefu alikuwa na mipira miwili ya namba moja, unene mmoja. Akanipa yote miwili. "Chagua." Nikachagua ule mgumu, mpya, mbavu ngumu kama ubao. Akanikalisha nyuma. Tuliporudi nilikuwa nimejiuma ulimi. Akafunga ule mwingine, mbavu laini, unaukunja kwa mkono kama ngozi ya mbuzi iliyopakwa mafuta, nyuzi zake nyembamba. Tukapita njia ileile. Nikashuka nikamtazama. Yeye akatema mate pembeni, akasema, "Umeona. Unene ni chumba, ubavu ndio kitanda. Chumba kikubwa chenye kitanda cha mawe, nani atalala?"

Kwa hiyo mkiwa dukani, msishike mpira kama mnashika mkono wa mkwe. Uminyeni. Ukunjeni. Tazameni mbavu mnapoukunja: zikitoa nyufa kama kisigino cha kiangazi, umezeeka, hata kama unang'aa, muuzaji ameupaka mafuta. Na ile yenye meno makubwa waachieni wa pikipiki. Kwenye barabara ngumu meno yanakutetemesha mpaka sauti inakuwa ya mbuzi. Mistari midogo inatosha.

Siku niliyomaliza, nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Zaina. Botende alikuwa pale, amekaa ukutani anakula karanga.

"Mama, jaribu mara moja."

"Nilishajaribu. Mugongo wangu unakumbuka."

"Ukishuka njiani, nitakubeba mgongoni mpaka mwisho."

"Weye? Unibebe miye?" Akacheka mpaka akapata kiu. Botende akasema, "Mama, panda tu, nitawafuata nyuma niokote mifupa." Akapanda.

Tukaenda. Nilipita mizizi, nikapita mawimbi. Nyuma kimya. Nikaogopa. Nikafikiri ameanguka na sikusikia. Nikageuka: Mama Zaina amekumbatia mfuko wake wa kazi, mdomo wazi, analala. Botende aliyekuwa akitufuata aliacha kukanyaga. Sikupiga kengele. Sikuwa na kengele. Lakini mpaka leo naisikia.

Kazi ikawa yangu.

Sasa upepo, maana hapa ndipo ninyi wote mnakosea, na watu wa mji huu walikosea kabla hamjazaliwa. Hapa kwetu mtu akipompa kinga, anapompa kwa kiburi. Anataka mpira ulie kama ngoma. Rafiki akipita anaupiga teke, akisema "Eh, iko nguvu!", mwenye kinga anafurahi. Nguvu ya nini? Mpira ni mto wa kulalia. Nani anajaza mto mawe? Pompa kulingana na mzigo. Nyuma upepo mwingi, maana mzigo uko nyuma. Mbele kidogo, maana mbele ni mikono yako tu. Bonyeza kwa dole gumba: ukubali kidogo, kisha ukatae. Usipokataa kabisa nao ni hatari, shimo litaubana mpira wa ndani kwenye janti na utatoboka mahali pawili panapotazamana. Ukikataa tangu mwanzo, unampiga abiria wako.

Kiburi hicho cha upepo ndicho kiliniokolea kinga. Sikilizeni.

Mwaka 1964 waasi walipoingia mjini, walichukua magari. Petroli ilipowaishia wakaanza kuchukua kinga, maana kinga inakunywa jasho tu. Ya Botende ilikwenda kati ya za kwanza. Askari aliipanda, akazunguka kidogo, akatabasamu kama mtu aliyekaa kitandani, akaenda zake. Botende alibaki barabarani akitazama mpaka hakuna cha kutazama. Sikumcheka. Nilimwona askari alivyotabasamu, na nikaelewa: wanaondoka na ile yenye raha. Na yangu ilikuwa na raha kuliko zote za Kabondo.

Asubuhi moja wakaja kumwita Mama Zaina kutoka Mangobo. Mke wa seremala, mimba ya kwanza, mtoto amekaa vibaya. Mama alipanda bila maneno yake ya kila siku. "Pembe, leo usinitikise, na usichelewe. Mikono yangu nitaihitaji."

Njiani tukakuta gogo barabarani na vijana wenye majani vichwani, mikuki mikononi. Mkubwa wao alivaa kofia ya ngozi ya nyani na alikuwa na bunduki. Si mtu wa hapa. Alisema alitoka Yahuma.

"Weye! Simama! Hii kinga iko ya nani?"

"Iko yangu, shefu."

"Ilikuwa yako."

Mama Zaina akainua kichwa. "Mutoto wangu, kule Mangobo kuko mwanamuke anazaa."

"Mama, mimi sizai. Shuka."

Dawa waliyopewa ili risasi zisiwapate iliwakataza kuguswa na mwanamke, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumvuta. Walisimama mbali wakangoja ashuke mwenyewe. Na Mama Zaina alijua kushuka! Mguu mmoja. Akapumzika. "Mugongo, watoto wangu, mugongo." Akashika kiti. Akakumbuka mfuko. Alikuwa ananipa nafasi ya kufikiri, na mimi nilifikiri. Nilimwona mama yangu na wadogo zangu na chai yao tupu. Nilimwona yule mwanamke wa Mangobo. Huyu mtu akikaa juu ya upepo huu, atatabasamu kama yule wa Botende, na yote yamekwisha.

"Shefu," nikasema, "siwezi kukupa kinga hivi."

Bunduki ikainuka. "Unakatala?"

"Sikatai, shefu. Mipira haina upepo. Gusa mwenyewe. Huu ni upepo wa kubeba bibi kizee. Mukubwa kama weye ukionekana juu ya mupira umelegea, watu watasema nini?"

"Bibi kizee nani?" Mama Zaina akauliza.

Yule mkubwa akabonyeza kwa dole gumba. Likazama kidogo. Kijana mmoja wa nyuma akacheka, akajuta kucheka.

"Pompa!"

Nikatoa pompi, nikapompa. Akabonyeza. "Ongeza!" Nikaongeza. Vijana wakaanza kuimba kwa kila msukumo, eh! eh! eh! Mpira ukaacha kukubali kabisa. Nikasimama.

"Inatosha, shefu."

"Leta hapa!" Akaninyang'anya pompi, akapompa yeye mwenyewe, mishipa ya shingo imesimama, nyani wa kofia anarukaruka. Nawaambia, pale ndipo niliogopa kweli. Ukipasuka, sina kinga, na mama hana dereva, na Mangobo hakuna mkunga. Lakini ule mpira laini wa Papa Sefu, watu wanaudhania dhaifu kwa kuwa unakunjika, nyuzi zake zilikuwa nzuri. Ulishika. Yule mtu akaupiga teke, ukalia tiin! Akafurahi.

Akapanda. Usukani wa pembe hajawahi kuushika, akawa ameinama kama mtu aliyedondosha sindano. Na mbele ya gogo barabara yote ilikuwa mawimbi ya malori. Mtu mwenye akili angepita pembeni, kwenye majani. Lakini dawa yao ilikuwa na sheria nyingine: askari haendi upande, haangalii nyuma, anakwenda mbele tu. Basi akaenda mbele. Wimbi la kwanza, la pili, yote! Tulisikia meno yake tukiwa tumesimama gogoni. Kofia ya nyani ikaanguka, hakuweza kuigeukia. Mama Zaina akasema polepole, "Ee Mungu, huyu hatazaa tena."

Alirudi kwa miguu, akisukuma kinga, mapaja ameyatanua.

"Hii kinga iko na shetani ndani."

"Ilikuwa ya Muzungu, shefu. Wazungu wako na mifupa yao."

"Itoe hapa!"

"Nikupompie kidogo tena?"

"Itoe!"

Tulipopita kona nilisimama, nikafungua valvu, pssss, nikasikiliza kama Papa Sefu alivyonifundisha, dole gumba mbele, dole gumba nyuma. Mama akapanda.

"Pembe. Uliniita bibi kizee."

"Ilibidi, mama."

"Endesha. Tutaongea."

Alifika mikono yake haitetemeki. Alimgeuza mtoto kwa mikono hiyo, akamtoa mzima, mwanamume, na mama yake mzima. Baadaye tulipokuwa tunakula kuku wa seremala, Mama Zaina aliwasimulia ya njiani, na mzazi kitandani akacheka huku ameshika tumbo. Mtoto alibatizwa jina lake la kanisa, lakini mtaani ni Pompi. Leo Pompi ana wajukuu, anauza mbao kulekule Mangobo, na hataki nisimulie habari hii mbele ya wateja. Huwa naisimulia.

Jioni hiyo tulirudi kwa njia ileile. Mlinzi wa gogo alituona kwa mbali, akaondoka barabarani. "Ile ya shetani! Pita, pita!" Tangu siku hiyo mpaka waasi walipoondoka mjini, hakuna aliyeigusa. Kinga za wengine zilikwenda. Yangu ilipita kila gogo na Mama Zaina nyuma, amelala.

Botende alikuja kwangu baadaye na fremu aliyoiokota. Mipira ya ndani haikuwepo mjini kwa muda mrefu. Ajabu hiyo: miti ya mpira imejaa misitu yetu, babu zetu walikatwa mikono kwa ajili yake, na sisi tukakosa mpira wa kinga! Botende akasema basi atatumia ule wa mtini. Akakinga utomvu, akaujaza ndani ya mpira wa nje mpaka ukaganda. "Sasa hautoboki!" Kweli, haukutoboka. Ulikuwa mzito kama gogo la kusagia, na aliposhika mteremko wa mtoni, breki ilikataa. Wavuvi walimtoa majini kinga ikiwa bado shingoni. Nilimkalisha nyuma yangu, nikamrudisha Kabondo. Tulipofika akasema, "Pembe, hapa nyuma kuko vizuri." Kutoka kwa Botende, hiyo ilinitosha. Alifanya kazi kwangu mpaka alipozeeka.

Alors, yule kijana wa Simisimi. Nilimpimia kwa kidole kidogo, nikambadilishia magurudumu, nikampa mipira ya mbavu laini. Akataka kupanda. Nikamwambia, "Nyuma." Akasema, "Tonton, una miaka mingapi, utaniangusha!" Nikampandisha nyuma, nikakanyaga mimi, magoti yanalia, wamama wa sokoni wanapiga vigelegele. Aliposhuka hakuzungumza tena habari za televizioni.

Mimi niliyeacha shule darasa la pili, leo niko na nyumba ya matofali ya kuchoma hapa Kabondo, mabati mapya. Karakana yenye mlango wa chuma. Kiwanja Mangobo. Mke mmoja, yuleyule. Watoto waliosoma, wajukuu wanaosoma. Mashine ya kushona. Mbuzi kadhaa. Pompi ya Papa Sefu, aliyoniachia alipokufa, ngozi yake ya ndani nimeibadilisha mwenyewe. Na kinga ya pembe, magurudumu ya 650, kipande cha chuma cha lori kwenye breki, upepo wa kubeba mtu.

Iko yangu.